Mti ukisimama ni wao, ukianguka ni wetu, ukishakuwa magogo ni wao tena. Siku 9 za mkaratusi barabarani kwetu Mbeya

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Ofisi sizitaji, maana kuna barua yetu bado iko mezani kwao na sitaki ipotee. Niseme tu ni Mbeya, upande wa Uyole, barabara ya mtaa ya vumbi inayopandisha kutoka lami. Anayepajua atapajua.

Alhamisi ile ya Februari mvua ilianza saa kumi jioni, na ule upepo wa kushuka mlimani unaotembea na mabati ya watu. Saa tatu kasoro usiku tukasikia. Ambaye hajawahi kusikia mti mkubwa unaanguka karibu na nyumba yake nimwambie: kwanza mizizi inakatika huko chini, kama mtu anachana turubai. Halafu kunakuwa kimya, kama pumzi moja hivi. Halafu vyombo vinagongana kabatini. Umeme ukaondoka hapohapo.

Tukatoka na tochi za simu. Mkaratusi umelala barabara nzima, shina ambalo watu wazima wawili hawalizungushii mikono. Kichwa chake kimepita juu ya ukuta wa mama mmoja mjane, kimelala kwenye banda la kuku na kona ya jiko. Waya wa umeme uko chini ya matawi, na matawi yanatiririka maji. Hakuna mtu aliyeumia. Walikufa kuku 6, na yeyote anayetaka kucheka ajue yule mama anasomesha kwa mayai.

Sasa sikilizeni kilichotangulia, maana hasira yangu haikuanzia usiku ule.

Mwaka juzi alikuja mkandarasi kuchimba mtaro. Greda lilipita sentimita chache tu kutoka kwenye ule mti, likakata mizizi yote ya upande wa barabara. Tuliiona ikichungulia kwenye ukuta wa mtaro, imekatwa mororo kama mihogo. Msimu uliofuata mti ukaanza kuinama. Nyuma yake, upande wa juu, ardhi ikafanya ufa. Mwanzoni ulikuwa unaingiza ncha ya panga. Kufika Septemba ulikuwa unaingiza kiganja. Fundi baiskeli wa hapo kona alichomeka kijiti kwenye ufa, kila wiki anaangalia kimelegea kiasi gani. Mzee wa watu hakwenda chuo chochote, ila alijua kupima.

Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua Oktoba. Oktoba ni makusudi, maana kwetu huku hatuna vuli na masika kama Dar, msimu wetu ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na udongo wetu huu wa majivu ya volkano ukishiba maji unakuwa uji. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, nakala ninayo. Jibu la maandishi halikuja. La mdomo lilikuja, kupitia kijana aliyetumwa: "Mwenyekiti, ule mti upo ndani ya hifadhi ya barabara. Ni mali ya serikali. Atakayeugusa atashtakiwa."

Sawa. Tukaufyata. Kumbukeni hiyo sentensi, nitairudia.

Ijumaa asubuhi tukatoka watatu, mwenyekiti, mimi na mtoto mkubwa wa yule mama, kwenda kutafuta mwenye mti. Ofisi ya kwanza tulikaa kwenye benchi mpaka saa tano.

"Mti wenyewe upo wapi?"

"Barabarani mheshimiwa. Ulikuwa pembeni, kwenye hifadhi."

"Ulikuwa. Sasa hivi umelalia waya. Anzeni na watu wa umeme."

Watu wa umeme niwape haki yao, walifika Ijumaa hiyohiyo mchana. Walikata matawi yaliyobana laini, wakavuta waya, usiku taa zikawaka. Ila matawi waliyasukumia kwenye upenyo pekee uliokuwa umebaki wa pikipiki kupita, na gogo wakaliacha. Yule kiongozi wao alisema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, sisi kazi yetu ni laini. Gogo siyo letu." Na kwa kweli siyo lao.

Jumatatu ofisi ya tatu, hawa wa miti. Wakatuuliza kama tunaomba kuvuna. Tukasema hapana, tunaomba uondolewe. Wakasema wao wanashughulika na miti inayovunwa, huu umejiangukia. Nikawaza kumbe mti nao una kosa la kujiangukia bila ruhusa! Jumanne ofisi ya nne, tukaambiwa maafa ni pale watu wanapokosa makazi, mti mmoja siyo maafa. Hapo mwenyekiti akauliza, kwa heshima zote, kwamba tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya hadi huku chini tuliko, je, ya kwetu imekaa lini mara ya mwisho? Akajibiwa kwamba hilo swali alete kwa maandishi.

Hii ni Mbeya ambayo Aprili 2024 tope la Mlima Kawetire lilishuka Itezi likafunika nyumba za watu. Tulitakiwa tuwe wa kwanza nchi hii kujua nani anapigiwa simu usiku.

Ile wiki nzima niieleze kwa jambo moja tu. Jumapili tulikuwa na msiba, mzee wa juu kabisa, karibu na kanisa. Gari lililoleta mwili kutoka hospitali likaishia kwenye gogo. Jeneza likashushwa. Wanaume sita wakasimama upande wa chini, sita wakapanda juu ya shina lenye utelezi, maana gome la mkaratusi likilowa ni sabuni. Likapokelewa mkono kwa mkono, limeinama, watu wanaambizana "taratibu, kichwa juu, kichwa juu". Mjukuu wake alikuwa ameshika viatu vya babu kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa miongoni mwa wale sita wa juu. Tangu siku hiyo nikisikia neno "mchakato" damu inanichemka.

Na niseme hili: kwenye barabara kuu hawachezi hivi. Nimewahi kukwama na basi upande wa Igawa, mti umeziba lami, na kabla sijamaliza mahindi ya kuchoma ulishaondolewa. Malori ya kwenda mpakani Tunduma yakisimama simu zinapigwa mpaka juu. Kwetu hapiti lori la Zambia, anapita mama na ndoo.

Na hifadhi ya barabara wanaijua vizuri sana wakitaka. Barabara kuu na za mkoa, kwa sheria ya 2007, ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kibaraza cha mtu kikiingia hata hatua moja, kesho asubuhi kuna X nyekundu ukutani na futi kamba imeshapita. Sijawahi kuona mti ulioinama umepigwa X.

Tukachoka. Kaya 41 zikachanga 4,000 kila moja, jumla 164,000. Fundi chensoo (msumeno wa mashine) kutoka Mbalizi akataka 120,000, petroli na oili ikala 30,000, iliyobaki ikanunua soda na mikate ya waliobeba. Jumamosi, siku ya tisa, akafika.

Hapa nataka wale mnaosemaga "wananchi mnalalamika nini, si mngekata wenyewe siku ya kwanza" msome polepole. Fundi hakuwasha mashine kwa karibu nusu saa. Alizunguka lile shina anagonga kwa kisogo cha panga, anasikiliza. Akatuonyesha: huku limebanwa, huku limevutika kama upinde. Ukikata kwa kina pale lilipobanwa, msumeno unang'ang'aniwa. Ukikata pale lilipovutika bila kulipunguza, linapasuka na kukurudia kifuani. Kwa hiyo alikuwa anaanza na mkato mdogo upande uliobanwa, halafu anamalizia upande uliovutika, pande kwa pande.

Alipofika karibu na kisiki akazima mashine, akaanza kufoka. Kwenye shimo la mizizi kulikuwa na watoto watatu wanacheza, wamefanya nyumba humo, wana vikopo vyao. Siku tisa walikuwa wanacheza humo. Akawafukuza, akawafokea na mama zao, akasubiri mpaka wote wamerudi hatua ishirini. Akakata. Kisiki kilipoachana na uzito wa shina kikainuka chenyewe, na ule udongo wote, kikarudi kukaa kwenye shimo lake, pu! Kama mtu aliyeitwa jina akakataa, akakaa. Vikopo hatukuviona tena.

Nilikaa chini kwenye majani. Sikuwa na la kusema.

Sasa tamu inakuja. Mashine imeanza saa tatu asubuhi. Saa tano na robo, Jumamosi, siku ambayo benchi la ofisi ya kwanza halina hata mlinzi, ikaja pikipiki na bwana mmoja na daftari.

"Nani kawapa kibali cha kuvuna huu mti?"

Mwenyekiti alimwangalia kwa muda mrefu. Halafu akamjibu, "Kijana wangu, karibu. Tumekutafuta siku tisa."

Hakucheka. Akatoa futi kamba, akapima magogo, akaandika, akasema yote kuanzia unene fulani ni mali ya serikali, yasiguswe, yasichanwe mbao, tuchukue matawi tu ya kuni. Fundi akasimamishwa hajamaliza. Na Jumatatu, wakuu, Jumatatu saa mbili asubuhi likaja lori lenye wabebaji sita na kamba, likachukua magogo manne yaliyonyooka. Yaliyopinda wameyaacha mtaroni, kwa hiyo maji sasa yanapita kwa yule mama wa kuku.

Kumbe gari lipo. Kumbe mafuta yapo. Kumbe hata watu wa kubeba wapo.

Ile sentensi niliyowaambia mkumbuke: "ni mali ya serikali". Oktoba ilikuwa mali ya serikali, tusiiguse. Kuanzia Ijumaa ya kwanza mpaka Ijumaa ya pili haikuwa ya mtu. Jumamosi saa tano na robo ikawa mali ya serikali tena. Mwenye mbuzi akikataa mbuzi wake alipokula mahindi ya jirani, siku ya supu anakaribia vipi na bakuli?

Banda na jiko la yule mama tumeuliza nani analipa. Tukaambiwa upepo ni kudra ya Mungu. Nakubali, upepo ni wa Mungu. Mtaro haukuchimbwa na Mungu. Na ile barua haikupokelewa mbinguni, muhuri ni wa hapa Mbeya.

Kinachouma zaidi ni kwamba huu ukanda wetu unaishi kwa miti. Sao Hill pale Mufindi, Kiwira, mbao za Njombe, na nguzo za umeme nyingi zinazosimama nchi hii zimetoka kwenye mikaratusi ya huku huku. Mafundi chensoo tunao kuliko mafundi simu. Nini kinashindikana, kabla ya Novemba, kuandikishana na fundi mmoja kwa kila kata, malipo yanajulikana, namba yake imebandikwa kwa mtendaji, mti ukianguka anaitwa usiku huohuo, halafu nyie mje mbishane ofisini magogo ni ya nani mpaka Pasaka? Sisi magogo hatuyataki. Tunataka kupita.

NYONGEZA, saa nne usiku: Wale mlionijibu hapa "mngepiga 114", namba ya zimamoto, asanteni, ila zimamoto niliwaona ni wa kuokoa watu, na chini ya ule mti hakukuwa na mtu. Sikutaka kuwaita kwa ajili ya gogo wakati huenda kuna nyumba inaungua. Na mdau aliyeniambia niweke picha ya barua, siweki, mwenyekiti bado anahitaji kazi yake.

Aliyeuliza kama hatari imeisha: hatua kumi na mbili juu ya kile kisiki kuna mkaratusi mwingine, mtaro uleule, greda lilelile. Fundi baiskeli kaweka kijiti kipya. Barua ya pili imepelekwa Jumatano na imegongwa muhuri. Wiki iliyopita ufa ulikuwa unaingiza vidole viwili, leo jioni nimepita nikaingiza vinne.