Kupanda Kjerag na kulala kwenye hema: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Niko Stavanger, Norwei, mwaka wa pili sasa. Mwezi wa tisa mdogo wangu anakuja kutoka Moshi, na ameng'ang'ania tupande Kjerag, ule mlima wenye jiwe lililokwama katikati ya ufa, karibu mita 1,000 juu ya maji ya Lysefjorden. Yeye amefika Uhuru, kwa hiyo ananiona mwoga. Anasahau kwamba kule wapagazi walimbebea kila kitu na uji akaukuta tayari.

Mwezi uliopita nilijaribu kulala karibu na Preikestolen, jabali jingine juu ya Lysefjorden hiyo hiyo. Juu ni mwamba mtupu, vigingi haviingii, nikafunga kamba za hema kwenye mawe. Saa nane usiku mvua ikaja ya ubavuni, si ya juu. Nilikesha nimekumbatia nguzo ya hema, soksi zote zimelowa.

Kulala porini sheria inaruhusu, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Hilo halinisumbui. Shida yangu ni upepo na ile njia yenyewe ya Kjerag: kuna sehemu unapanda kwa kushika minyororo, na mwamba ukilowa ni sabuni.

Waliowahi kwenda: mzigo wa hema mgongoni unapita kwenye minyororo, au tulale bondeni tupande mikono mitupu? Na mfuko wa kulalia, wa manyoya ya ndege au wa nyuzi za sintetiki kwa unyevu huu? Viatu vya dogo ni vile vile vya Kilimanjaro, soli imeanza kuisha.