Ule wimbo ni wa Grover Washington Jr., acheni kumpokonya!

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua huu uzi nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Jana usiku nimepanda daladala narudi Mbagala, dereva kafungulia redio, kipindi cha nyimbo za zamani za Kizungu. Mtangazaji anasema, "Sasa tunaye mwimbaji Bill Withers, Just the Two of Us." Nikanyamaza, hilo kosa nimeshalisikia mara nyingi mno. Wimbo ukaenda, Withers kaimba, mambo mazuri. Kuimba kulipoisha tu na saksafoni ikaingia, yule bwana akashusha sauti ya muziki akaanza kusoma salamu za wasikilizaji. Kazisoma juu ya saksafoni mwanzo mpaka mwisho! Withers alipoanza kuimba tena, akanyamaza na kupandisha sauti. Yaani kwake wimbo ni yule anayeimba, anayepuliza ni nafasi ya kusomea salamu.

Sasa nisikilizeni. Wimbo ule ni wa Grover Washington Jr., mpuliza saksafoni wa Marekani. Aliyealikwa ni Withers. Umo kwenye Winelight, albamu ya Grover iliyotoka 1980 kwa lebo ya Elektra, na jina linalotangulia kwenye santuri ni lake. Ulipotoka kama singo ulipanda mpaka namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka 1981. Walioutunga ni Ralph MacDonald, William Salter na Withers mwenyewe, tuzo ya Grammy ya utunzi ikaenda kwao, na walistahili. Sina ugomvi hata kidogo na marehemu Withers. Lakini albamu ilimpa Grover Grammy ya kwake, na iliuza zaidi ya nakala milioni 1. Na mle ndani wimbo una zaidi ya dakika 7. Kwa ajili ya redio uliteremshwa chini ya dakika 4, na kilichokatwa ni upigaji. Kwa hiyo hata ile pumzi kidogo iliyobaki, mtangazaji wetu kaona aifunike na salamu.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaosema Grover "alibebwa na Withers". Kabebwa lini? Kazaliwa Buffalo, jimbo la New York, 12 Desemba 1943. Baba yake alikuwa akipuliza saksafoni, mama yake akiimba kwaya kanisani, na yeye alipewa saksafoni akiwa na miaka 8. Akaingia jeshini, huko akakutana na mpiga ngoma Billy Cobham aliyemjulisha kwa wanamuziki wa New York. Mwaka 1967 akahamia Philadelphia, na mji ule wakati ule ulikuwa mji wa kinanda cha umeme aina ya Hammond. Amepuliza na wapiga kinanda hicho: Charles Earland, na Johnny Hammond. Hapo ndipo jazi ya soul ilipokaa: kinanda, gita, ngoma na saksafoni moja kwenye baa za Wamarekani weusi, watu wanakula na kunywa, na wasipotikisa kichwa ujue hujapiga kitu. Shule ile haimpi mtu cheti cha huruma.

Halafu 1971. Prodyuza Creed Taylor alikuwa ameandaa kazi ya Hank Crawford, mpuliza saksafoni ya alto, Crawford akashindwa kufika. Akaitwa Grover, mtu wa saksafoni ya tenori, ile kubwa zaidi, akashika alto. Ikatoka Inner City Blues, albamu yake ya kwanza. Na mle ndani, wakuu, kuna Ain't No Sunshine ya Withers imepulizwa kwa saksafoni! Hiyo ni miaka tisa kabla ya Winelight. Mwaka 1975 akaja na albamu ya Mister Magic, na hapo hakuna mwimbaji kabisa. Wimbo wenye jina hilo hilo unakwenda dakika 9, Bob James kapanga muziki, Eric Gale kwenye gita, na albamu ikakaa namba 1 kwenye chati ya jazi na ya soul. Hapo nani alimbeba?

Mimi nafanya kazi hii. Napuliza tenori kwenye harusi na send-off hapa Dar, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilijaribu kujifunza Mister Magic kwa miezi. Noti ni chache, ukiziandika unaona za mtoto wa darasa la nne. Ukianza kupuliza ndipo unajua. Grover anakuja nyuma kidogo ya ngoma, anaikata noti kabla hujaitarajia, anaacha kimya, halafu anairudia ile ile kwa pumzi nyingine, nzito zaidi. Ukiwahi tu kidogo, wimbo unakufa mkononi. Ridi ngapi, vile vijiti vya mdomoni mwa saksafoni, nimepasua kwa ajili ya zile noti chache!

Ukumbini sasa. Mwezi uliopita naipiga hiyo hiyo, maharusi wanaingia, MC anachukua maiki: "Piga Kenny G, kaka, piga Kenny G!" Ukumbi mzima unashangilia. Kenny G, huyo mpuliza saksafoni maarufu, mwenyewe amekiri waziwazi kwamba Grover ndiye aliyekuwa mfano wake alipokuwa anajifunza. Mwanafunzi anakiri, nyie mnakataa kwa niaba yake?

Ugonjwa huu upo hata kwenye dansi letu. Muulize kijana anayependa OK Jazz ya Kongo, atakutajia waimbaji na Franco. Mtaje Verckys, mpuliza saksafoni wao, uone kama anamjua, na saksafoni yake ndiyo iliyokuwa inainua watu vitini.

Grover alikufa kazini. Tarehe 17 Desemba 1999, siku tano tu baada ya kutimiza miaka 56, alikuwa studio za televisheni ya CBS, New York. Alishapiga nyimbo nne za kurekodiwa, yuko chumba cha kusubiri, akaanguka. Moyo. Philadelphia mpaka leo wana shule yenye jina lake. Sisi hata jina lake kulitamka kabla ya wimbo wake tumeona ni kazi.

Kituo kile nimekiandikia ujumbe mara tatu, sijajibiwa. Watangazaji mliomo humu, najua mpo: tajeni jina, na acheni saksafoni imalize. Salamu zisomwe wimbo ukiisha.

Na Jumamosi nina harusi Tabata. MC akisema Kenny G tena, naishusha saksafoni, nachukua maiki na kumtaja Grover Washington Jr. jina zima, bibi harusi akiwa mlangoni, ndipo niendelee.