Mita 60 za ziwa zinapimwa kuanzia wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoijua sheria ya mazingira.

Kikundi chetu kinalima mchicha na nyanya kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Tumeambiwa kwa mdomo tu kwamba tuhame, tuko ndani ya zile mita 60 za kulinda ziwa zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kulinda ziwa sibishi. Jiji zima tunakunywa humo, na mbolea ikisombwa na mvua ndiyo inayonenepesha magugu maji. Ila kuna kiwanda jirani kinamwaga maji ya povu yenye shombo la samaki kwenye mtaro uleule, na sijaona kikiguswa. Linaniuma, lakini leo siulizi hilo.

Shida yetu ni kipimo. Ziwa lilipopanda 2020 lilimeza matuta ya mbele, na 2024 likapanda tena. Tukivuta futi kamba kutoka ukingo wa leo, nusu ya bustani iko nje ya mita 60. Tukianzia pale maji yalipofika, hatubaki na hata tuta moja. Mwenyekiti wa mtaa anasema tusubiri barua, na miche iko kitaluni inarefuka.

Je, kisheria mita hizo zinaanzia ukingo wa sasa au kikomo cha juu cha maji? Na wa kutuwekea alama rasmi ni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria? Aliyewahi kuwekewa bikoni atuelekeze alianzia dirisha gani.