Mlioacha mbolea za dukani mkaingia kilimo hai, kitu gani kiliwanyoosha? Tupeane uzoefu

Jembe la Jioni
Wakuu, jana nimefukua lundo langu la mboji nikakuta majani ya katikati yako vilevile nilivyoyaweka, makavu, hata rangi hayajabadili. Miezi 5! Nikakumbuka lile la kwanza lililonuka mpaka nyumbani wakawa wanafunga madirisha mchana. Lile nililijaza mabichi na mavi ya kuku tupu. Hili nikakimbilia upande wa pili, makavu tupu, na maji sikumwagia. Kwa hiyo nimeshafeli kwa njia zote mbili. Wengine nini kiliwanyoosha? Picha za mavuno wekeni pembeni kwanza.

Fimbo Moto
Maji hayo, mkuu. Chota konzi uikamue: likitoka tone moja moja, sawa. Kisha choma fimbo katikati, iache kidogo, ichomoe uishike. Kama ni ya baridi, lundo limelala. Lundo lililochemka vizuri linafika nyuzi 55 hadi 65, hata mbegu nyingi za magugu zinafia humo. Vitabuni wanasema kaboni (iliyojaa kwenye makavu) 25 hadi 30 kwa naitrojeni (ya mabichi na mavi) moja. Mimi napima kwa pua.

Mama Kunde
Pua haidanganyi.

Kobe wa Shamba
Mimi ni mwarobaini. Nilitwanga mbegu, nikaloweka usiku kucha, nikachuja, nikapiga. Asubuhi nakwenda kuhesabu maiti, nakuta viwavi wanatembea kama wenye shamba. Kwa hasira nikaongeza sabuni ya kutosha kufulia nguo za wiki nzima, nikapiga saa 7 mchana, jua la utosi. Viwavi wakabaki. Majani ndiyo yaliyoungua.

Fimbo Moto
Hahaha! Mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo kaka. Unamkatisha hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba, anaisha taratibu. Gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita ya maji, sabuni kidogo tu ili dawa ishike jani, na upige jioni maana jua linaivunja.

Trela Mbili
Nimesoma uzi huu tumbo likakaza. Mimi ndiye niliyewahangaisha humu na picha za nyanya zilizojisokota, kama mnakumbuka. Sikurudi kuwapa mwisho wake kwa aibu.

Nilipata samadi ya ng'ombe ya bure, trela mbili. Imeiva kweli, nyeusi, haina harufu, ukiishika kama udongo wa msituni. Nikatia kila shimo bila huruma. Wiki ya tatu ncha za nyanya zikaanza kujisokota, majani yakawa membamba kama kangaga, mengine yamejikunja kama kikombe. Mkaniambia humu ni virusi: nikang'oa miche 60 nikachoma moto. Mwingine akasema inzi weupe: nikapiga mwarobaini hadi mikono ikanuka. Mwingine (simtaji, yumo humu) akasema mimea ina njaa, ongeza samadi. Nikaongeza. Ileile! Hapo ndipo ninapojizaba kofi mpaka leo. Maharage ya tuta la pili yakachomoza yamekunja ngumi. Na mahindi ya mpakani, yaliyokula samadi hiyohiyo, yamesimama kijani utadhani yananizomea.

Mahindi ndiyo yaliyonifumbua macho. Kitu gani kinaua nyanya na maharage kikaacha jamii ya nyasi? Nikarudi kwa aliyenipa samadi nikamuuliza nyasi anatoa wapi. Ananunua marobota, na huko yanakotoka malisho yalipigwa dawa ya magugu ya majani mapana. Baadhi ya dawa hizo, aminopairalidi ikiwemo, ng'ombe anazila na zinatoka kwenye mavi zikiwa nzima. Hata samadi ikiiva, zinaweza kubaki humo muda mrefu. Uingereza mwaka 2008 wenye bustani walipata janga hilihili mpaka kibali cha dawa hiyo kikasimamishwa kwa muda. Mimi niliyekimbia sumu ya dukani nikaja kujisombea mwenyewe kwa toroli.

Mama Kunde
Pole sana mwanangu. Mimi ndiye niliyesema uongeze samadi.

Trela Mbili
Najua mama. Yameshapita.

Mkemia wa Mtaa
Hapo sasa! Mnahubiri asili asili, nyanya ziko motoni. Sri Lanka walizuia kuingiza mbolea za viwandani Aprili 2021, Novemba mwaka uleule wakarudi nyuma. Kilimo hai ni cha wenye bustani ndogo na mishahara.

Mizizi
Wewe kila uzi lazima ulete Sri Lanka. Walikata ghafla nchi nzima, udongo haujaandaliwa, mboji ya kutosha haipo, ulitaka mpunga ule nini? Hata Marekani shamba linatakiwa kukaa miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa ndipo mavuno yauzwe kwa jina la ogani. Mambo ya kwenda polepole. Na kilichomuumiza Trela Mbili ni dawa ya kiwandani, siyo asili. Asili haijawahi kuua mtu.

Mkemia wa Mtaa
Miaka 3 unakula nini wewe?

Kijiko cha Tumbaku
Asili haijawahi kuua mtu? Mizizi, njoo nikusimulie. Nilichemsha majani ya tumbaku kuua vidukari, nikapiga bila glavu, bomba linavujia mgongoni. Baada ya saa moja natapika, dunia inazunguka, jasho la baridi. Nikotini inapita kwenye ngozi. Nilikimbizwa kutibiwa huku nikiwaambia "ni dawa ya asili tu". Acheni kabisa hiyo kitu, tena tumbaku inaweza kuleta virusi vya mozaiki kwenye nyanya. Hata pareto ni ua, lakini nyuki hawasalimiki nayo.

Mizizi
Basi nimekosea hapo. Kwa Sri Lanka sijakosea.

Kobe wa Shamba
Turudi kwa Trela Mbili jamani. Lile tuta umelifanyaje?

Trela Mbili
Napanda mahindi tu, na naligeuza mara kwa mara, maana vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoimaliza hiyo dawa, na hawana haraka. Mabua siyarudishi kwenye mboji.

Fimbo Moto
Changanya na unga wa mkaa, unanasa sumu.

Mama Kunde
Mimi ningeling'oa tuta zima nikatupa.

Mkemia wa Mtaa
Utupe wapi mama, kwa jirani?

Trela Mbili
Sasa hivi samadi yoyote naipima kwanza. Makopo matatu unachanganya samadi na udongo safi nusu kwa nusu, makopo matatu udongo mtupu, yote unapanda maharage. Usubiri wiki tatu mpaka majani ya matatu-matatu yatoke. Yakijikunja, rudisha samadi ya watu. Na ukiweka makopo, usiyapange maji yanayovuja ya moja yaingie jingine, mimi nilirudia kazi kwa sababu hiyo.

Jembe la Jioni
Uzi nilianzisha kwa majani makavu, nimeishia kuogopa samadi yangu. Napanda makopo leo.

Jembe la Jioni
Siku ya 19. Udongo mtupu yote matatu yamenyooka. Ya samadi, mawili yamenyooka, moja jani limekunja ukingo kidogo. Hapo nasomaje?

Trela Mbili
Leta picha kabla hujatia hata koleo moja shambani.

Jembe la Jioni
Nimeshatia matuta mawili.