Acheni kulinganisha maktaba za vyuo vikuu kwa idadi ya vitabu!

Wadau, huu ubishi wa maktaba ya nchi gani ina vitabu vingi unakera, maana hesabu zenyewe zimepikwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa 2018, ina NAFASI ya vitabu 800,000. Nafasi! Watu wanaichukua namba hiyo na kuipambanisha na mamilioni ya Harvard kana kwamba vitabu vyote vimeshapangwa rafuni.

Halafu kuna nakala. Kitabu kimoja cha mwaka wa kwanza chenye nakala 40 kinahesabiwa vitabu 40. Kuna na maboksi ya msaada: mwongozo wa kompyuta wa 1998, sheria za kodi za Uingereza toleo la zamani. Nani anavisoma? Lakini havitolewi, kwa sababu vikifutwa kwenye rejista uwiano wa vitabu kwa mwanafunzi unashuka, na wakaguzi wanakuja.

Oxford nao tangu 1610 wana makubaliano ya kupelekewa vitabu bure na wachapishaji, na leo ni sheria. Utawalinganishaje na maktaba inayongoja bajeti ya mwaka?

Kinachouma zaidi ni hiki: Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966. Inanunua vitabu vya ukanda huu, inajipelekea na kuvipelekea vyuo vya kwao. Kitabu cha Kiswahili kikichapwa nakala chache kikaisha madukani, mtafiti wetu anakwenda kukitafuta Marekani! Sisi tumekaa tunasubiri maboksi.

Mnataka kulinganisha kweli? Chukueni somo moja, mfano uchumi wa kilimo. Orodhesheni vitabu 30, angalau 10 viwe vya miaka mitano iliyopita. Tafuteni kila kimoja kwenye katalogi za maktaba zote mbili mnazolinganisha, kisha mtu aende rafuni na namba ya kitabu mkononi. Andikeni: kipo, kimeazimwa, au mfumo unasema kipo lakini hakionekani. Hilo la tatu ndilo mlihesabu zaidi. Kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea, na pasipofanyika ukaguzi wa rafu hakuna atakayejua.

Majarida yapimeni mkiwa nyumbani, nje ya mtandao wa chuo. Fungueni makala kamili ya mwaka huu, si muhtasari. Chuo kinaweza kuwa na haki ya kusoma maelfu ya majarida kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya utafiti bure au kwa bei nafuu, lakini nywila iko kwa mkutubi mmoja, na saa kumi jioni ameshafunga ofisi.