Ushauri: Harambee ya bweni imeishia kwenye ahadi (Moshi Vijijini)

MamaDoreen
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kamati ya sekondari ya wasichana ya kanisa, huku juu Moshi Vijijini. Bweni letu limeishia kwenye renta tangu mwaka juzi, masika yote linanyeshewa. Mwezi wa sita tulifanya harambee: maturubai, pilau, kwaya mbili, mgeni rasmi na msafara wake. Ahadi zilifika milioni 31. Zilizoingia benki mpaka jana ni milioni 6 na laki 4, na shughuli yenyewe ilikula milioni 2 na ushee. Mgeni rasmi aliyeahidi mabati hapokei simu. Kamati imegawanyika: hawa wanataka tupandishe ada, wale tuandike barua kwa wafadhili wa Ulaya. Masista wanasema tusali. Waliowahi kumaliza jengo, nisaidieni.

Mangi_wa_Tabata
Milele amina. Huyo mgeni rasmi wa mabati yupo kila parokia.

Mhasibu_Sakina
Pole dada. Nimekuwa mhazini wa shule ya kanisa hapa Arusha miaka saba. Ada msiguse. Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na 2022 wakafuta ya cha tano na sita. Anayewalipa ninyi anajibana. Mkimwongezea laki, anahama na ile aliyokuwa analipa.

Kuhusu Wazungu: ACN, lile shirika la Kikatoliki la kusaidia Kanisa lenye shida, kwa mfano, wanataka ombi liidhinishwe na askofu wa mahali, na msaada wao mwingi ni wa kichungaji: makanisa, malezi ya waseminari, usafiri wa mapadre. Bweni si lao sana. Popote mtakapoomba, pitieni jimboni kwanza, na jiandaeni kuulizwa wenyewe mmechanga nini.

Sisi kilichotutoa ni kuacha kuomba "bweni". Tulikaa na fundi, tukaandika kwenye manila kila kitu na bei yake: bati moja, kenchi moja, dabo deka, godoro. Tukabandika getini. Kikilipiwa, tunakipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kuna mama anauza ndizi soko la Kilombero, alilipia mabati mawili. Kila Jumapili alikuwa anapita kuangalia mistari yake. Risiti inatoka siku hiyo hiyo, hata ya elfu tano. Na lipa namba iwe ya shule. Tulianza na namba ya mtu, maneno yakazuka, michango ikakata mwezi mzima.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, Desemba umeisahau? Wachagga wote wanapanda kuhesabiwa. Waliosoma hapo miaka ya 90 leo ni wauguzi, wahasibu, wana maduka Kariakoo, na kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Kila darasa lipewe chumba kimoja. Wakija, msiwakalishe kwenye maturubai. Waingizeni humo humo bwenini kwenye matope. Fanyeni na mnada wa mavuno baada ya misa. Nimeona mkungu mmoja wa mshare ukinunuliwa mara sita, kila mnunuzi anaurudisha mezani.

Kijana_Majengo
Mimi nimechoka. Zaka, jumuiya, nyumba ya paroko, sasa bweni. Hiyo harambee ya mwezi wa sita, mapato na matumizi yamesomwa kanisani? Kama bado, sitoi hata mia.

MamaDoreen
Bado, mdogo wangu. Tuliona aibu kwa hiyo milioni 2.

Mhasibu_Sakina
Isomeni na aibu yake, pilau ikiwemo. Ila majina ya wenye ahadi msiyasome, mtawakimbiza. Hao mnawafuata nyumbani, wawili wawili, na daftari.

MamaDoreen
Asanteni sana. Nimeongea na Sista mkuu, Jumapili nasimama mimi. Manila nimeshanunua, fundi anakuja kesho asubuhi. Walioko mjini, bati la geji 28 linauzwaje sasa hivi?