Naomba ushauri: mzee anatoka wodini, nyumbani kuna mfuko mwingine wa dawa

Wafamasia wenzangu, wakubwa shikamooni. Mzee anaruhusiwa na losartan 50 mg (ya presha) na furosemide 40 mg (ya kutoa maji mwilini kwa mkojo). Nyumbani ana losartan ileile kwa jina jingine la kibiashara, na diclofenac ya maumivu ya magoti. Anameza zote: presha inashuka, anaanguka akiamka usiku kukojoa, na figo zinaumia, maana diclofenac juu ya hizo mbili ni hatari kweli.

Tunamwomba anayemuuguza alete dawa zote kabla ya ruhusa, tunaandika ACHA kwa maka peni kwenye zilizositishwa, na furosemide tunaiweka asubuhi. Kinachokwama ni ufuatiliaji. Simu ipigwe siku ya 3 au ya 7? Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na potasiamu (chumvi ya damu) mnapima lini kwa asiye na bima? Mwenye fomu ya ufuatiliaji inayofanya kazi aiweke hapa.